Mosh Gramu Mia Mbili kwa Siku

Jumatano, 10 Mei

Msiba. Mwalimu Oydin ametangaza mbele ya darasa zima la saba kwamba mimi, Hamdam, sitapanda la nane. Hesabu: mbili. Sayansi: mbili. Jiografia: mbili. Kwetu mbili ni kufeli, tatu ni kupona. Nikamwambia angalau nina msimamo. Darasa likacheka. Yeye hakucheka.

Halafu akanipa mlango wa kutokea. Amesikia kwamba bibi ameleta paka mchanga wa kulinda viwavi wetu wa hariri wasiliwe na panya. Basi nimlee mimi huyo paka kwa wiki mbili. Nimpime kila siku. Niandike anakula nini na chakula kinamfanya nini. Nichore ramani ya mahali anapozurura. Tarehe 23 atakuja nyumbani akague kwa macho yake. Nikifanya vizuri, la nane. Nikiharibu, narudia la saba.

Kurudia si tatizo, madawati yake nimeshayazoea. Tatizo ni Zulhumor. Mdogo wangu huyu wa kike yuko la sita, Septemba anaingia la saba, na Mwalimu Oydin ana tabia ya kukalisha ndugu dawati moja. Mimi na Zulhumor! Dawati moja! Habari ilimfikia kabla sijavua viatu. Akaniuliza, kwa adabu kabisa, kaka yangu atapenda kukaa upande wa dirisha au wa ukuta.

Nimempima paka. Anaitwa Mosh, kwa sababu rangi yake ni ya choroko, na choroko kwetu ni mosh. Nimetumia mizani ya bibi ya kupimia unga, ile ya sahani mbili. Gramu 560. Akanywa maziwa, nikampima tena. Gramu 600! Arobaini kwa dakika tano! Mtu wa kawaida angeandika na kwenda zake. Mimi nilikaa nikafikiri. Kama dakika tano ni arobaini, kwa siku nzima je? Nikamkadiria kwa huruma, mia mbili tu. Nikachukua kalamu nikajaza uzito wa kila siku mpaka tarehe 25.

Kazi ya wiki mbili, dakika kumi! Kuna watu wamekaa chuo kikuu miaka mitano na hili hawajalijua.

Alhamisi, 11 Mei

Nyumba nzima tunanong'ona. Viwavi wako kwenye usingizi wa nne, ule wa mwisho wa kujivua ngozi, na bibi hataki hata mtu apige chafya. Wamechukua vyumba vyote viwili, trei juu ya trei. Sisi wanadamu tunalala uani. Kukaanga vitunguu marufuku. Manukato marufuku. Mgeni kuvuka kile kizingiti, marufuku kubwa kuliko zote, maana jicho la mgeni huwamaliza viwavi kwa siku moja. Bibi ametundika pilipili juu ya mlango. Mimi sijawahi kuheshimiwa kama viwavi hao katika nyumba hii.

Zulhumor amechungulia daftari langu. Akahesabu kwa vidole, kisha akaniuliza kama nimekwisha kumwambia baba. Nikauliza nimwambie nini baba. Akasema kwa mwendo wa gramu mia mbili kwa siku, mwakani siku kama ya jana Mosh atakuwa na kilo sabini na tatu na nusu, mzito kuliko baba, na itabidi baba aombe ruhusa kupita kwenda msalani.

Wivu mtupu.

Jumamosi, 13 Mei

Nimempima Mosh, kwa kujifurahisha tu. Gramu 600. Nikaipiga mizani kofi, nikampima tena. 600!

Daftari linasema leo ana 1,160.

Nikamweka chini nikamwambia ukweli. Nikamweleza anavyoniangusha. Mimi nimetimiza upande wangu, nimeandika namba zote, yeye anashindwa hata kuzifikia. Akalala juu ya kalamu.

Dawa ipo. Mama alikuwa ametenga mafuta ya mkia wa kondoo kwa ajili ya pilau ya kesho. Nimeyachukua yote, kipande cha ukubwa wa ngumi. Mosh amekula chote, anaunguruma kama trekta. Kesho tutaongea lugha moja.

Jumapili, 14 Mei

Tumeongea lugha moja, lakini si ile niliyoitaka.

Mafuta yalirudi yote, kwa njia ya nyuma, mengine ndani ya kofia ya baba. Baba aliivaa. Sitaandika zaidi.

Pilau nayo ilipikwa bila mafuta. Baba mkwe wa shangazi, aliyekuja kula, alisema ni mara ya kwanza kuona wali unaosikitika.

Kuanzia sasa naandika pembeni, kwenye karatasi chakavu, saa Mosh anapokula na saa mambo yanapomtoka. Si kwa ajili ya sayansi. Ni ili nijue saa ngapi nisiwe nyumbani. Mafuta ya kondoo: baada ya saa tatu na nusu. Maziwa ya ng'ombe: baada ya saa mbili, tena kwa kasi. Mtindi: salama. Nyama ya kuchemsha: mpaka kesho yake, na heshima inabaki. Zulhumor akaniuliza kwa nini maziwa yanamharisha na mtindi haumharishi, wakati vyote vinatoka kwa ng'ombe mmoja. Nikasema mtindi umekwisha kumeng'enywa nusu na vile vidudu vinavyougandisha, hata mpumbavu anaona. Akanitazama sana. Sijui alikuwa anatafuta nini.

Jumanne, 16 Mei

Mosh 640. Daftari 1,760. Siku saba zimebaki. Kumkuza paka huyu ni kazi isiyo na shukrani. Nimeamua kumbadilisha.

Jirani yetu, Mzee Kochkor, ana paka dume anayeitwa Kanali. Rangi ileile ya choroko! Sikio moja limechanika, shingo kama ya mpiga mieleka, lakini rangi ni rangi. Nilikwenda kwa heshima zote, nikatoa salamu ndefu, nikauliza hali ya magoti yake, kisha nikamwomba aniazime Kanali kwa saa moja Jumanne ijayo. Mzee akasema yeye na Kanali wameishi pamoja miaka tisa na hajawahi kumwamuru jambo. Akasema niende nimwombe mwenyewe.

Sawa. Nitamfuatilia nijue anapita wapi, na saa ngapi.

Bibi analalamika. Viwavi wameamka na wanakula usiku na mchana, ukisimama mlangoni unasikia kama mvua inanyesha juu ya majani. Baba na mama wanakata matawi ya mforsadi ya kuwalisha mpaka mikono inavuja damu. Na kuna panya ameingia chumba cha pili, kila asubuhi trei moja ina pengo. Bibi ameuliza paka wa kulinda yuko wapi. Nikasema yuko masomoni.

Ijumaa, 19 Mei

Siku tatu nimekuwa kivuli cha Kanali. Nimepasua suruali kwenye ukuta wa Mzee Kochkor na nimeangukia mfereji mara moja na nusu (ile nusu nilishikilia tawi). Lakini sasa namjua kuliko anavyojijua. Nimechora yote. Ukuta, kisha hatua 212 kando ya mfereji kuelekea kule jua linakozama. Anageuka kwenye daraja la ubao, hatua 90 mpaka kwenye tanuri la mama muuza mikate, ambapo hulala kuanzia saa nne kwa sababu ya joto. Saa saba anarudi kwa njia ya miforsadi iliyokatwa vichwa, maana pale ndege hawana pa kujificha.

Zulhumor aliikuta ramani. Akasema haina kaskazini. Nikasema Kanali haendi kaskazini. Akachora mshale mwenyewe pembeni. Nikamwachia, watoto wanapenda kuchora.

Baadaye niligundua kwamba kwa ule mshale naweza kumweleza mtu yeyote njia bila kunyoosha kidole. Nimeuacha. Bila kumwambia.

Jumapili, 21 Mei

Nimemkamata! Saa nne na robo, pale tanurini, kwa ini la kuku. Nimembeba ndani ya gunia la majani. Amenichora mkono wangu wote, na yeye hakuweka mshale wa kaskazini.

Nikampima. 5,700.

Daftari la Jumanne linasema 3,160.

Paka mmoja mwepesi mno, mwingine mzito mno! Katika mtaa mzima hakuna saizi ya kati! Nilikaa chini nikakaribia kulia. Zulhumor akapita, akasema juzi shuleni amefuta vumbi dawati lake, upande wa dirisha ameniachia mimi.

Machozi yakakauka papo hapo. Nikafikiri hivi. Sahani moja, Kanali. Sahani ya pili, mawe ya mizani ya 3,160, hayo mwalimu atayaona. Lakini ili mizani isimame sawa, upande wa mawe unahitaji kitu kingine kisichoonekana. Kiasi gani? Nikaondoa 3,160 kwenye 5,700. Nikapata 2,540. Nikatafuta mferejini mpaka nikapata jiwe la 2,400. Nikaongeza kufuli bovu la zizi, gramu 140. Nimefunga vyote kwa kamba chini ya sahani, nikafunika kwa kitambaa cha bibi chenye maua. Mizani imesimama sawa kama askari!

Zulhumor akatazama karatasi yangu. Akasema hii ni aljebra. Nikamuuliza anamaanisha nini. Akasema huo ni mlinganyo wenye kitu kimoja kisichojulikana, ndio ule niliofeli mara tatu. Nikamwambia asinitukane uani kwetu.

Kanali nimemrudisha. Amekwenda bila kuaga.

Jumatatu, 22 Mei

Mvua ya majani imekoma. Viwavi wameacha kula na wanapanda kwenye vichaka vikavu kusuka vifukofuko vyao. Bibi anatembea kwa ncha za vidole, anawaombea dua mmoja mmoja.

Na mimi nimepata mahali pa kumficha Mosh kesho. Chumba cha viwavi! Mahali pekee duniani ambapo Mwalimu Oydin hawezi kutia mguu. Nikamwambia bibi namrudisha paka kazini. Akanibusu kipaji cha uso. Akasema alikuwa anajua kwamba ipo siku nitapata akili.

Nilijisikia vibaya kidogo. Ikapita.

Jumanne, 23 Mei

Nimekaa nyuma ya zizi naandika haraka, mguu umevimba. Niandike kwa mpangilio.

Mwalimu Oydin alifika saa tisa. Bibi akamkalisha mahali pa heshima kwenye kitanda kikubwa cha uani, mbali na mlango, mito huku na huku. Mosh ndani. Kanali nje, nimemnasa tena njiani kwenye miforsadi, tumbo limejaa ini. Nikamleta kwa mikono miwili.

Mwalimu akamtazama. Akauliza huyu ndiye yule paka mchanga wa wiki mbili zilizopita. Nikasema ndiye, ni malezi tu. Akauliza sikio limepatwa na nini. Nikasema amesoma kwa bidii sana.

Nikamweka kwenye sahani. Mawe upande wa pili. 3,160 kamili! Mwalimu akamnyanyua Kanali, uzito ukamvuta mbele kidogo, akamrudisha chini. Akayahesabu mawe upya. Hilo sikulipenda. Nikaona dawa ni aondoke upesi.

Basi nikachukua buli mimi mwenyewe. Kwetu mgeni humiminiwa chai nusu kikombe, ili akimaliza umwongeze na umwongeze tena, ajue mnataka akae. Kikombe kilichojaa kina maana yake: kunywa, uende. Nilimjazia Mwalimu Oydin mpaka chai ikawa inatetemeka ukingoni. Bibi akanifinya paja chini ya kitambaa cha meza nikaona nyota mchana.

Mwalimu akakitazama kikombe. Akanitazama mimi. Kisha akauweka mkoba wake nyuma ya mgongo, akauegemea, akamwambia bibi, "Ama kweli mama, nyumba hii ina ukarimu. Nilitaka kuondoka, lakini kwa chai nyingi hivi, nitakaa mpaka chakula."

Akanywa mabuli matatu. Matatu! Na kila kikombe akasema, "Jaza, mwanangu, usione haya."

Kwenye buli la tatu, sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta. Mzee Kochkor. "Kanali! Kanali wangu, njoo ule, baba!"

Kanali akaruka. Alipitia juu ya mizani. Kamba ikakatika, jiwe likaangukia mguu wangu, kufuli likabingirika polepole mpaka likasimama mbele ya Mwalimu Oydin. Mimi nikasema ni la zizi. Ambayo ni kweli.

Kabla hajajibu, mlango wa viwavi ukasogea. Akatoka Mosh. Nyuzi za hariri kwenye masharubu, kifua mbele, mdomoni panya, mkia unaning'inia. Akavuka uani kama mwenye nyumba, akamlaza yule panya miguuni pa bibi. Bibi akapiga ukelele wa kwanza tangu Aprili, akamkumbatia, akamwita simba, akamwita mwanawe. Ndiye yule panya mla trei!

Mwalimu akauliza kwa upole huyu mdogo ni nani.

Nikasema, "Huyo ni Mosh wa tarehe kumi, Mwalimu. Nimemhifadhi kwa ajili ya kumbukumbu."

Zulhumor alicheka mpaka akaanguka kutoka kitandani. Bibi naye. Hata Mzee Kochkor juu ya ukuta, ambaye hakuwa anajua anacheka nini.

Mwalimu akampima Mosh mwenyewe. 740. Nikaomba panya ahesabiwe, kwa kuwa ni mali yake halali. Akampima na panya. 760. Kisha akachukua daftari, ramani, na zile karatasi chakavu zote zilizokuwa chini ya mizani. Za saa za choo pia. Nikamwambia hizo si za masomo. Akasema ataamua yeye.

 

Jumatano, 24 Mei

Mwalimu aliniita darasani peke yangu. Daftari langu la uzito, mstari mwekundu kutoka kona mpaka kona. Nikaanza kujiona pale dirishani, kando ya Zulhumor.

Akatoa karatasi chakavu. Akauliza nimenakili wapi. Nikaapa kwa mkate kwamba ni zangu. Akaandika ubaoni: paka wa gramu 4,300, daftari linadai 2,750, jiwe liwe la kiasi gani. Nikasema 1,550 kabla hajashusha chaki. Swali gani hilo! Tapeli yeyote analijua. Akaandika lingine, lenye paka wawili na jiwe moja. Hilo lilinichukua dakika nzima, lakini nikalipata. Akaniuliza hatua zangu 212 ni mita ngapi. Nikasema hatua yangu ni sentimita sitini na tano, kwa hiyo ni mia na thelathini na nane hivi, tena kuelekea magharibi. Akauliza habari za maziwa na mtindi. Nilizungumza mpaka akanizuia kwa mkono.

Hesabu: tatu. Jiografia: tatu. Sayansi: nne! Akasema angeniongezea, lakini amelazimika kupunguza kwa upande wa uaminifu. Nimeangalia ratiba yote, somo la jina hilo hakuna.

La nane! Mimi! La nane!

Kuna sharti. Likizo nzima nimpime Mosh kila siku, kikweli, na Septemba nilete daftari. Akaniuliza kama nimeelewa nilichojifunza. Nikasema nimeelewa sana. Jiwe lifungwe kwa waya, si kwa kamba.

Mwalimu Oydin akafunga macho kwa muda. Nadhani ni furaha.

Alhamisi, 25 Mei

Kengele ya mwisho imelia. Wasichana na maua, akina mama wanalia, na mimi nimetembea katikati ya uwanja wa shule kama mwana wa mfalme anayechechemea. Nilimwambia Zulhumor abaki salama na dawati lake. Akasema vizuri. Kisha akasema kwamba alikuwa amekwisha kuchonga kalamu mbili. Nikamvuta msuko wa nywele.

Nyumbani vichaka vimejaa vifukofuko, vyeupe tupu, na bibi amekaanga vitunguu kwa mara ya kwanza baada ya mwezi. Mosh amelala ndani ya kofia ya baba. Nilichukua daftari jipya, nikaleta mizani, nikamtazama. Nikafikiri. Siku tisini na kitu za kumwamsha paka! Katika joto la Julai! Wakati wenzangu wako mferejini wanaogelea!

Mara hii nimelifikiria jambo kwa makini. Kosa langu lilikuwa wapi? Kuongeza. Namba zikipanda watu wanapata shaka. Zikishuka, watu wanakuhurumia. Hakuna mwalimu atakayekuja kukagua paka anayekonda.

Kwa hiyo nimeanza na 760 za juzi, nikapunguza gramu nane kila siku, taratibu, kistaarabu. Nimejaza likizo nzima kwa kikao kimoja, mwandiko mzuri, wino wa rangi mbili. Tatizo dogo tu ni kwamba inapofika tarehe 28 Agosti, Mosh anakuwa na gramu sifuri. Nimehakiki hesabu mara mbili na haina kosa. Mimi siku hizi sikosei hesabu.

Siku tatu zilizobaki mpaka mwisho wa mwezi nimeandika: Hayupo.